Hamira, mnyoo, nzi, panya au seli za mgonjwa: uchague nani kuchunguza msongo wa seli na maradhi ya ubongo

Ukishaamua kwamba utafiti wako wa uzamili au uzamivu utahusu msongo wa seli na maradhi yanayoumaliza ubongo polepole, yaani Alzheimer, Parkinson, Huntington na ALS (unaoua niuroni, yaani seli za neva, zinazoendesha misuli), uamuzi unaofuata ndio utakaokutawala kwa miaka: utafanyia kazi kiumbe gani? Wengi huuacha uamuzi huo mikononi mwa maabara iliyowapokea. Hapana ubaya, lakini kila kiumbe kina maswali kinayoyajibu vizuri na mengine ambayo kitakupoteza njia, na ni heri uyajue kabla hujaandika pendekezo la utafiti. Nimewapanga watano wanaotumika zaidi ili uwatazame kwa pamoja. Nina ninayempendelea, na utamwona.

Msongo wenyewe

Seli ikipatwa na joto, sumu, njaa, virusi au mrundikano wa protini zilizojikunja vibaya, hufanya mambo mawili makubwa. Kwanza huongeza protini saidizi, ambazo kazi yake ni kuzikunja upya zile zilizoharibika au kuzisindikiza zikavunjwe. Pili hupunguza utengenezaji wa protini mpya: kipande cha fosfeti hupachikwa kwenye protini iitwayo eIF2α, na ribosomu nyingi, mashine za kuunda protini, zinasimama. Wakati huo RNA na protini zilizoachwa bila kazi hukusanyika kuwa vidonge vidogo, chembechembe za msongo, ambavyo kwa kawaida huyeyuka hatari ikipita.

Kwa saa chache, hiyo ni kinga. Tatizo ni pale inapodumu. Seli ya ngozi iliyochoka hufa na nyingine ikachukua nafasi yake, lakini niuroni uliyozaliwa nayo inatakiwa ifanye kazi miaka 70 au 80. Haigawanyiki, kwa hiyo haina wa kumgawia takataka zake. Ndiyo maana karibu kila ugonjwa wa kundi hili una protini yake iliyoganda: alfa-sinukleini kwenye Parkinson, huntingtini kwenye Huntington, na TDP-43 kwenye ALS. TDP-43, ambayo mwaka 2006 ilitambuliwa kuwa ndiyo iliyomo ndani ya mabonge ya ALS, kwa kawaida hukaa kwenye kiini cha seli. Kwa karibu wagonjwa wote wa ALS inakutwa imetoka kwenye kiini na kuganda nje yake.

Swali linalowagawa watafiti hadi leo ni hili: msongo ndio unaoanzisha ugonjwa, au ni seli inajitetea dhidi ya ugonjwa uliokwisha kuingia? Lishike swali hilo unaposoma yanayofuata, kwa sababu viumbe hawa hawalijibu kwa nguvu sawa.

| | Kizazi hadi kizazi | Niuroni | Muda wa kuishi |
|---|---|---|---|
| Hamira | kama dakika 90 | hana | – |
| Mnyoo C. elegans | kama siku 3 | 302 | wiki 2 hadi 3 |
| Nzi wa matunda | kama siku 10 | kama 140,000 | kama miezi 2 |
| Panya wa maabara | kama miezi 2 hadi 3 | kama milioni 70 | miaka 2 hadi 3 |
| Niuroni kutoka seli za mgonjwa | wiki hadi miezi kuzitengeneza | unazozitengeneza wewe | – |

Hamira

Ni ileile ya mkate na maandazi, Saccharomyces cerevisiae. Ina jeni zipatazo 6,000, jenomu yake ilisomwa yote mwaka 1996, na karibu kila jeni yake unaweza kuiagiza ikiwa tayari imeondolewa. Mwaka 1993 makundi mawili, la Peter Walter huko California na la Kazutoshi Mori, yaliitumia kugundua IRE1, kitambuzi kinachoketi kwenye utando wa retikulamu ya endoplazimu (karakana ya seli ya kukunjia protini) na kupeleka habari kwenye kiini kwamba protini zimejikunja vibaya. Kitambuzi hicho tunacho na sisi. Hiyo ndiyo fahari ya hamira: mambo ya msingi ya msongo ni ya kale sana, na yaliyogunduliwa humo yanashika hadi kwa binadamu.

Susan Lindquist alikwenda mbele zaidi. Mwaka 2003 maabara yake iliingiza alfa-sinukleini ya binadamu kwenye hamira na seli zikaugua. Miaka mitatu baadaye walionyesha kinachokwama, yaani usafirishaji wa protini kutoka retikulamu ya endoplazimu kwenda Golji (kituo cha kuzifungasha), na kwamba kuongeza jeni ya usafirishaji huo kuliziokoa niuroni za nzi, za mnyoo na za panya zilizokuwa zikifa kwa protini hiyohiyo.

Mfano wa pili nitaufuata hadi mwisho, maana unapita kwa karibu viumbe wote hawa. Aaron Gitler na wenzake waliingiza TDP-43 kwenye hamira, kisha wakapekua jeni moja baada ya nyingine kutafuta zinazobadili sumu yake. Wakaikuta PBP1: ikiongezwa sumu huzidi, ikiondolewa hupungua. Ndugu yake kwa binadamu anaitwa ataksini-2, protini ambayo chembechembe za msongo huihitaji ili zijengeke. Hamira haikuwa na niuroni hata moja, na bado ilielekeza kidole mahali penyewe.

Ichague kama swali lako ni "ni jeni zipi zinahusika?" na una mwaka mmoja tu. Usiichague kama swali lina neno sinapsi (maungio ya niuroni), uchochezi, kumbukumbu au uzee wa ubongo.

Mnyoo

Sydney Brenner alimchagua C. elegans miaka ya 1960 kwa sababu ambazo bado zina nguvu. Ana urefu wa milimita moja hivi, anapenyeka kwa mwanga, kwa hiyo unaiona protini inayong'aa kijani ikiganda ndani yake akiwa hai. Ana seli za mwili 959, na kila moja inajulikana ilitoka wapi. Anakula bakteria E. koli kwenye sahani ya agari. Ukitaka kuzima jeni fulani, unamlisha bakteria wenye RNA ya jeni hiyo, basi.

Nguvu yake kubwa kwa habari yetu ni uzee. Wiki tatu na amekwisha zeeka. Maabara ya Richard Morimoto ilitengeneza minyoo wenye protini za mnyororo wa glutamini (asidi amino moja iliyorudiwa mara nyingi) wa urefu mbalimbali, kama ule unaoleta Huntington. Mwaka 2002 walionyesha kwamba mnyororo wenye glutamini kama 35 hadi 40 ndio mpaka wa kuganda, na kwamba mpaka huo unashuka kadiri mnyoo anavyozeeka. Ndilo jambo tunaloliona kwa binadamu: mtu huzaliwa na jeni ya Huntington, lakini ugonjwa hungoja utu uzima.

Mwaka 2008 maabara hiyohiyo ilitoa matokeo ambayo mimi nayaona kuwa makubwa kuliko yote yaliyotoka kwa mnyoo kwenye uwanja huu. Waliharibu uwezo wa niuroni mbili za kuhisi joto, zinazoitwa AFD, na seli za utumbo na misuli zikashindwa kujikinga na joto ipasavyo. Tulikuwa tukifundishwa kwamba kila seli hupima msongo wake yenyewe na kujitetea yenyewe. Kumbe ndani ya mwili mzima mfumo wa neva una neno. Jambo kama hilo usingeliona kamwe kwenye hamira wala kwenye sahani ya seli.

Mipaka yake: hana jeni ya alfa-sinukleini (unampandikizia ya binadamu), hana mielini (ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva), hana seli za kinga za ubongo, na ngozi yake ngumu huzuia dawa nyingi kuingia. Ukipanga kujaribu dawa, hilo la mwisho litakusumbua.

Nzi wa matunda

Uwanja huu wote ulianzia kwa nzi. Mwaka 1962 Ferruccio Ritossa, akifanya kazi Naples, alitazama kromosomu za tezi za mate za viluwiluwi waliokuwa kwenye inkubeta ambayo joto lake lilikuwa limepandishwa. Akaona uvimbe sehemu ambazo hazikuwa nao kabla: jeni zilizokuwa zikifanya kazi kwa nguvu ghafla. Miaka 12 baadaye zikajulikana protini zilizokuwa zikitengenezwa. Hizo ndizo protini saidizi tunazozisoma leo.

Nzi ana ubongo. Anatembea, anapanda ukuta wa chupa, analala, anajifunza harufu na anasahau. Robo tatu hivi ya jeni zinazohusishwa na maradhi ya binadamu zina mwenza wake kwa nzi. Kwa mbinu iliyotolewa na Andrea Brand na Norbert Perrimon mwaka 1993 unaweza kuwasha jeni ndani ya jicho pekee, au ndani ya niuroni za dopamini pekee, na kuiacha imelala kwingine kote. Jicho ni zawadi kwa mwenye bajeti ndogo: niuroni zikifa, jicho linakwaruka na kupoteza rangi, nawe unaliona kwa hadubini ya kawaida. Kwa njia hiyo maabara ya Nancy Bonini ilionyesha mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba kuongeza protini saidizi Hsp70 kulizikinga niuroni zenye mnyororo mrefu wa glutamini. Hapo nzi anaanza kulijibu lile swali la chanzo au kinga: kinga ya msongo ikiongezwa, ugonjwa unapungua.

Mwaka 2006 makundi mawili yalionyesha kwa wakati mmoja kwamba jeni mbili za Parkinson, PINK1 na parkin, ziko kwenye njia moja, PINK1 ikitangulia, na kwamba njia hiyo hulinda mitokondria. Hadi wakati huo zilikuwa majina mawili kwenye orodha ya familia zenye ugonjwa. Nzi ndiye aliyezifanya kuwa hadithi moja.

Na ataksini-2? Ilipotoka kwenye hamira ilikwenda kwa nzi, katika maabara ya Bonini, na huko pia kuipunguza kulipunguza madhara ya TDP-43. Ndipo wakaangalia damu ya watu. Katika utafiti wa mwaka 2010, asilimia 4.7 ya wagonjwa wa ALS walikuwa na mnyororo wa ataksini-2 mrefu kiasi, dhidi ya asilimia 1.4 ya wasio na ugonjwa.

Huyu ndiye ninayempendelea kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki, na sababu si bei peke yake. Ujuzi upo jirani. Shirika la TReND in Africa limeendesha mafunzo ya nzi katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kampasi ya Ishaka magharibi mwa Uganda, na waliopita huko wamesambaa. Ni jambo kubwa kuwa na mtu wa kumpigia simu kwa saa yako, anayejua unga wa mahindi gani unafaa kwa chakula cha nzi.

Ila sikiliza habari ya joto, maana kwa mtafiti wa msongo ndiyo yenyewe. Nzi wanatunzwa nyuzi 25. Kwenye nyuzi 30 madume huanza kuwa tasa, na chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kinapita hapo bila taabu. Umeme ukikatika usiku, nzi wako wote wamepata msongo wa joto, wale wa jaribio na wale wa kulinganishia, na unachokipima asubuhi si kile ulichokipanga. Minyoo nao ni vilevile. Kabla hujauliza bei ya hadubini, uliza habari ya inkubeta yenye kupooza, betri yake, na kifaa cha kuandika joto usiku kucha. Bila rekodi hiyo hakuna msomaji makini atakayekuamini, na atakuwa na haki.

Tofauti nyingine ambayo hutaikuta kwenye vitabu vingi: minyoo hugandishwa na kukaa miaka kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, hamira pia. Nzi kwa kawaida hawagandishwi. Kila aina uliyonayo lazima ihamishwe kwa mkono kwenda chupa mpya kila baada ya wiki chache, sikukuu na mgomo. Ukiwa peke yako bila msaidizi, mnyoo anakupa nafuu kubwa.

Panya

Kuna maswali ambayo hayana mwingine wa kuyajibu. Kundi la Giovanna Mallucci nchini Uingereza lilionyesha mwaka 2012 kwamba kwa panya wenye ugonjwa wa prioni (protini yenye umbo bovu inayoharibu wenzake), eIF2α inabaki na fosfeti kwa muda mrefu, protini za sinapsi zinakosekana, na niuroni zinakufa kwa kukosa protini hizo. Walipokiondoa kizuizi hicho cha utengenezaji wa protini, niuroni zilipona. Mwaka uliofuata walifanya vivyo hivyo kwa dawa ya kumeza. Hapo swali la chanzo au kinga lilipata jibu lenye uzito: kinga iliyodumu mno ndiyo iliyokuwa inaua. Lakini panya walikonda na sukari yao ikapanda, kwa sababu kongosho linahitaji kinga hiyohiyo. Jibu la namna hiyo linadai mwili mzima wa mnyama mwenye kongosho, ini na ubongo.

Gharama yake ni muda, fedha, kibali cha maadili na maisha ya wanyama. Pia kuna hatari ya takwimu. Panya wa SOD1, jeni ambayo badiliko lake huleta ALS ya kurithi, aliyetengenezwa mwaka 1994, alitumika kujaribia dawa nyingi za ALS, na ripoti za mafanikio zilikuwa nyingi. Mwaka 2008 Sean Scott na wenzake walichapisha majaribio ya dawa zaidi ya 70 kwa panya huyo, wakizingatia jinsia, uzao mmoja na idadi ya kutosha. Hakuna iliyorefusha maisha yake, na walihitimisha kwamba mafanikio mengi ya awali yalikuwa bahati ya namba ndogo. Kama bajeti yako inatosha panya wanane kila upande, ni bora ukatumia fedha hizo kwa nzi 800.

Pamoja na hayo, panya hajashindwa kila mahali. Tofersen, dawa inayopunguza SOD1, ilijaribiwa kwa wanyama wa SOD1 na mwaka 2023 ikakubaliwa Marekani kwa wagonjwa wenye badiliko la jeni hiyo, ambao ni asilimia 2 hivi ya wenye ALS.

Ataksini-2 ilifika hapa mwaka 2017. Panya wenye TDP-43 nyingi kupita kiasi walipopunguziwa ataksini-2 waliishi muda mrefu zaidi, na dawa ya antisensi (kipande kinachonasa RNA ya jeni hiyo ili protini ipungue) iliyodungwa mara moja tu ilifanya vivyo hivyo. Ikaenda kwa wagonjwa. Mwaka 2024 jaribio likasimamishwa kwa kuwa halikuonyesha faida. Mapema mwaka 2025 dawa mbili zinazolegeza kizuizi cha eIF2α kwa njia nyingine, DNL343 na fosigotifator, nazo hazikufikia lengo kuu la majaribio yao ya ALS.

Maoni yangu ni haya. Hamira, nzi na panya wote waliulizwa swali lilelile: tukijaza TDP-43 kupita kiasi, nini kitapunguza madhara? Wote wakatoa jibu moja kwa uaminifu. Lakini mgonjwa wa ALS kwa kawaida hana TDP-43 iliyojazwa. Anayo iliyokimbia kiini. Makubaliano ya viumbe vitatu hayana nguvu ya mashahidi watatu kama wote wamewekwa kwenye hali moja ya kutengenezwa.

Seli za mgonjwa

Shinya Yamanaka alionyesha mwaka 2006 kwa panya na 2007 kwa binadamu kwamba seli ya ngozi inaweza kurudishwa kuwa seli shina, yaani inayoweza kugeuka seli ya aina yoyote. Mwaka 2008 tayari kulikuwa na niuroni za kuendesha misuli zilizotoka kwenye ngozi ya mgonjwa wa ALS wa miaka 82. Faida yake kubwa ni kwamba jeni zote ni za mtu huyo, kwa kiasi chake cha asili, bila kujaza chochote.

Na kuna mambo ambayo ni ya binadamu tu. TDP-43 ikitoka kwenye kiini, RNA ya jeni STMN2 na ya UNC13A huanza kubeba vipande visivyotakiwa na protini zake hupungua. Panya hana vipande hivyo. Miaka yote ya panya wa TDP-43 isingeweza kulionyesha jambo hilo, ambalo sasa liko katikati ya utafiti wa ALS.

Kasoro yake ni uzee. Kurudisha seli kuwa shina hufuta alama za umri, kwa hiyo niuroni za mtu wa miaka 82 zinaanza kama za mtoto tumboni. Njia ya kugeuza ngozi moja kwa moja kuwa niuroni huhifadhi alama hizo, ila hutoa seli chache. Kwa maradhi ambayo umri ndio hatari yake kubwa, hili si dogo. Zaidi ya hapo kuna gharama ya vimiminika vya kulishia seli, inkubeta ya kaboni dioksidi na naitrojeni ya kimiminika, na kazi isiyojua Jumapili.

Kwa mfano: GBA1

Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lagos, walitangaza badiliko kwenye jeni GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson na linalopatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika peke yao. Mwenye nakala moja ana hatari kama mara 1.5, mwenye mbili kama mara 3.5. GBA1 hutengeneza kimeng'enya cha laisosomu, mahali seli inapovunjia takataka zake. Naliona kuwa moja ya maswali muhimu kuliko yote ambayo mwanafunzi wa huku anaweza kuyachukua, na linaonyesha jinsi ya kuchagua.

Ukitaka kujua kinachotokea kwa niuroni laisosomu zikilegea, chukua nzi: ana jeni ya aina hiyo, ikiondolewa mafuta hurundikana ubongoni na maisha yake hufupika, na ndani ya mwaka utakuwa na matokeo. Ukitaka kujua badiliko hilo la Kiafrika lenyewe linafanya nini, nzi, mnyoo na panya hawakufai hata kidogo, kwa sababu liko kwenye sehemu ya jeni isiyoandika protini, na sehemu za namna hiyo hutofautiana sana kati ya viumbe. Hapo ni seli za watu wanaolibeba. Unaweza kuanza na seli za damu, zilizo rahisi, huku ukitafuta mshirika mwenye uwezo wa seli shina.

Kwa njia hiyo ya pili, andika fomu ya ridhaa kabla ya kuchukua tone la kwanza, na itaje wazi, kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtoaji, kwamba damu au ngozi yake inaweza kugeuzwa seli shina, zikahifadhiwa miaka mingi na kupelekwa maabara ya nchi nyingine. Sampuli zilizokusanywa bila maneno hayo kwa kawaida haziwezi kutumika kwa kazi hiyo baadaye bila ridhaa mpya, hata zikiwa nzuri kiasi gani.